Karne ya 19 ya Ugogo ilijengwa kwa udongo: tembe, miji ya misafara na kitovu cha Dodoma

Mkazi wa Area C (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala kuhusu majengo ya kale ya nchi hii unapoanza, huishia pwani. Mmoja atataja Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwingine atataja Bagamoyo na boma lake la mwaka 1897. Wa tatu ataongeza Kilwa, na mjadala utafungwa hapo. Sisi wa Dodoma tukiulizwa tuna nini, tunajibu kwa sauti ya chini kwamba mji wetu umeletwa na reli, kwamba Wajerumani waliuanzisha mwaka 1907 na njia ya reli ikafika hapa mwaka 1910, na kwa hiyo karne ya 19 haituhusu. Nimeanzisha uzi huu kulipinga jibu hilo. Karne ya 19 inatuhusu sana, ila tumeifunga macho kwa sababu haikujengwa kwa mawe.

Tukumbuke kwanza kwamba Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma ya leo, haikuwa pori la kupita tu. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe (Tabora) na Ujiji ilikatiza hapa, na haikuwa rahisi kuikwepa. Msafara ukitoka Mpwapwa ulilazimika kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemewa, kabla ya kufika penye visima na mtama. Na ukimaliza Ugogo, uliikabili Mgunda Mkali kabla ya kuiona Unyanyembe. Kati ya nyika hizo mbili, mwenye maji ndiye aliyekuwa na kauli. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na msafara usiolipa haukuteka maji wala haukununua nafaka. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita huku katika safari yao ya 1857 hadi 1859, Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na wote walilalamikia hongo. Mimi siwaonei huruma sana, kwa sababu kulisha na kunywesha mamia ya wapagazi katika nchi inayopata mvua ya msimu mmoja si jambo dogo, na aliyechimba kisima ana haki ya kukidai.

Walichokikuta ni nchi yenye makazi ya kudumu, na makazi hayo yalikuwa tembe. Naomba tuitazame tembe kama jengo, tusiitazame kama kielelezo cha umaskini. Ni nyumba ndefu, nyembamba, yenye paa bapa la udongo, inayojipinda kwa pembe mraba hadi inauzunguka ua. Milango yote inaangalia uani. Upande wa nje hakuna madirisha, au yapo matundu madogo tu, hivyo anayekuja kwa shari anakutana na ukuta mtupu, na ng'ombe wakishaingizwa uani usiku na lango kuzibwa, mali yote ya kaya iko ndani ya mikono yake. Kila mke ana sehemu yake: chumba cha mbele chenye mawe ya kusagia na jiko, na chumba cha ndani cha kulala na kuhifadhi nafaka. Kaya ikikua, nyumba inarefushwa. Kijana akioa, upande mwingine wa ua unaanza kujengwa. Paa lenyewe halipotei bure, kwa kuwa ni chini kiasi cha mtu kulipanda bila taabu, na juu yake huanikwa mtama, uwele, maboga yaliyokatwa na mlenda wa akiba ya kiangazi.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linaweza kulindwa, lakini ni lazima waziri alitangaze. Tafakarini mwaka huo. Magofu ya mawe ya pwani, mengi yakiwa ya karne nyingi nyuma, yanaingia ndani ya mstari bila kuombewa. Bara, ambako nyumba ni ya miti na udongo na hubadilishwa nguzo hii leo na ile kesho kutwa, nani ataleta ushahidi kwamba tembe fulani ilisimama kabla ya 1863? Hata vituo vya misafara, vya wamisionari na vya Wajerumani, ambavyo kwa macho yetu ni vya kale, vimeanguka upande wa pili wa mstari. Sheria haikutungwa kwa nia ya kuidharau Tanzania ya kati. Imepimwa kwa umri wa kitu, na udongo hauzeeki kwa namna hiyo. Ukuta wa udongo unaishi kwa kukandikwa upya, na usipokandikwa unarudi ardhini.

Kuna jambo la pili linalonifanya niandike sasa. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa dhati, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, thamani ya viwanja vya katikati ya mji imepanda kwa namna ambayo kila mkazi anaijua. Wizara zimekwenda Mtumba, lakini biashara imebaki hapa, kati ya stesheni ya zamani, Uhindini na soko la Majengo. Nyumba za duka za Uhindini hazikujengwa karne ya 19, na simdanganyi mtu. Ni za enzi ya reli na ya Waingereza. Hata hivyo zina ukoo na hadithi hii. Mwenye duka alijenga chumba cha biashara mbele, baraza lililoinuliwa kuikwepa mifereji ya mvua, vyumba vya familia nyuma, na ua katikati wenye kisima au tangi. Anayeijua tembe ataona mara moja kwamba ni kaya iliyozunguka ua, ila imefunguliwa mlango mmoja kuelekea barabarani kwa sababu sasa mgeni anatakiwa aingie.

Ninachopendekeza ni hiki: tuache kutafuta Mji Mkongwe wa mawe, na tuanze kuorodhesha kilichopo kwa vigezo vinavyolingana nacho, yaani namna ya kujenga, mpangilio wa ua, upana wa viwanja na mwelekeo wa barabara. Ningependa kusikia kutoka kwa mafundi, wenye nyumba, na wenzetu wa Mpwapwa, Kondoa, Manyoni na Tabora.

Fundi wa Veyula

Mleta mada, asante kwa uzi uliotulia. Nitachangia upande wa ujenzi, kwa kuwa wengi huisifia tembe au kuiponda bila kujua inavyosimama.

Siri ya tembe ni kwamba paa halijakaa juu ya ukuta. Kuna nguzo zenye panda, zilizochimbiwa chini, na juu ya panda hizo hulazwa mihimili. Juu ya mihimili huja fito zilizobanana, kisha nyasi au matawi membamba, kisha tope lililokandwa, na mwisho udongo mkavu unaoshindiliwa. Ukuta wa miti iliyosimamishwa karibu karibu na kukandikwa unaziba tu. Ndiyo maana ukuta ukiliwa na maji upande mmoja unaweza kuubomoa na kuusuka upya huku watu wanaendelea kulala ndani.

Sasa tupige hesabu. Chukulia chumba cha mita 3 kwa 4, na udongo wa sentimita 15 juu yake. Hizo ni mita za ujazo 1.8, na kwa udongo mkavu wenye uzito wa kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, kichwani mwa anayelala kuna takriban kilo 2,880. Ukilowa, uzito unasogelea tani 3 na nusu. Bati la kawaida halifiki kilo 5 kwa mita ya mraba. Hesabu hiyo inaeleza mambo mengi kwa mpigo mmoja: kwa nini vyumba vya tembe ni vyembamba, kwa nini nguzo ni nyingi kiasi cha kumkera mtu wa makochi, na kwa nini uchaguzi wa mti ulikuwa jambo la wazee na si la vijana. Mti unaoliwa na mchwa hauwekwi chini ya tani 3.

Pia inaeleza kwa nini aina hii ya paa ilikaa hapa na haikuenea nchi nzima. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Udongo ulioshindiliwa vizuri hunywa mvua ya saa moja, hufura, hujiziba, kisha jua la kesho hulikausha paa kabla maji hayajafika kwenye fito. Mvua ya siku tatu mfululizo ndiyo adui. Peleka paa hilo Bukoba na utaishi kwenye bwawa.

Mleta mada ameilinganisha tembe na Zanzibar kwa kuzitofautisha, lakini fundi akiangalia juu ataona undugu. Nyumba ya Mji Mkongwe nayo ina boriti za mikoko zilizolazwa karibu karibu, na juu yake vipande vya matumbawe na chokaa iliyopondwa. Vyumba vyake ni vyembamba, karibu mita 3, kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Ni mantiki ileile: mti unabeba, kifusi kinafunika, upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa mti. Wao walikuwa na bahari iliyowapa matumbawe ya kuchomea chokaa, sisi tulikuwa na udongo. Na huko nako mapaa mengi bapa yamekuja kufunikwa mabati, kwa sababu ileile ya uvujaji.

Jambo la mwisho ni onyo kwa wenye nyumba za zamani mjini, ziwe za udongo au za mawe yaliyofungwa kwa chokaa. Msizipige lipu ya saruji. Ukuta wa aina hiyo unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa kwa kupumua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, na chumvi inajikusanya nyuma ya lipu. Baada ya misimu kadhaa gonga kwa kifundo cha kidole: utasikia mlio wa kitu kilicho tupu, na ukibandua, ukuta wenyewe unamwagika kama unga. Mwenye nyumba hudhani ukuta ni mbovu, akaongeza saruji. Dawa ni kubandua lipu hiyo, kuondoa udongo uliorundikana kwenye msingi ili maji yaende zake, na kurudishia udongo au chokaa. Chokaa inataka uvumilivu, kwa maana inakauka kwa kuvuta hewa ya ukaa na si kwa saa chache. Inanyunyiziwa maji, inafunikwa magunia, inaachwa.

Muuza Vifaa, Sabasaba

Wakuu, nasoma kwa heshima lakini nina maswali ambayo hayajaguswa.

Tembe haikuondoka kwa bahati mbaya. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 hadi 1971, na baadaye uhamishaji wa nchi nzima katika miaka ya kati ya sabini, iliwatoa watu kwenye kaya zilizotawanyika na kuwapanga kwenye vijiji vyenye viwanja vilivyonyooka. Tembe yenye ua wa ng'ombe haiingii kwenye kiwanja cha namna hiyo. Baada ya hapo ikaja kampeni ya nyumba bora, na leo mama yeyote wa Bahi au Chamwino ukimpa uchaguzi kati ya paa linalodondosha udongo kwenye chakula na bati linalovuna maji ya mvua, hatachukua hata dakika kuchagua bati. Tunaotetea tembe tunalala chini ya mabati. Hilo inabidi tulikubali kwanza.

Kuhusu katikati ya mji, mimi mwenyewe napanga fremu kwenye nyumba ya zamani, na mwenye nyumba ananieleza kila mwaka kwamba akipata mbia atavunja na kuinua ghorofa. Nani atamlipa asivunje? Kodi ya fremu tatu haiwezi kushindana na kodi ya ghorofa nne. Mkimzuia kwa sheria bila kumpa kitu, atafanya wanachofanya wengine: ataliacha paa livuje hadi nyumba ianguke yenyewe, na hakuna sheria inayoizuia mvua.

Na mpango mji wa makao makuu uliotayarishwa na wataalamu wa Kanada mwaka 1976 ulikwishaipanga Dodoma upya. Tunaongeza sauti gani juu ya hapo?

Mzaliwa wa Mpwapwa

Nashukuru kwa kutajwa. Kwa maoni yangu mleta mada ameanza na Dodoma mjini kwa sababu ndiko aliko, lakini akitaka mji wa kati wenye mizizi ya karne ya 19 angeanza kwetu.

Mpwapwa ilikuwa mji wa misafara hasa. Iko chini ya milima, ina maji yatokayo kwenye vijito, na ilikuwa mahali pa mwisho pa kupumzika na kujaza vibuyu kabla ya Marenga Mkali, au pa kwanza pa kushukuru kwa anayetoka bara. Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) waliweka kituo cha kudumu mwaka 1878. Kampuni ya Wajerumani nayo ikaweka kituo chake mwishoni mwa miaka ya 1880. Watu wa Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, wakakishambulia mwaka 1889, na baadaye mwaka huohuo Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaja na kujenga ngome. Novemba 1889 Stanley na Emin Pasha, gavana wa Ikweta huko Sudan ambaye Stanley alikwenda kumwokoa, walipita hapo wakielekea Bagamoyo. Katika muda wa takriban miaka 10, mji mmoja mdogo ulikuwa na tembe za wenyeji, nyumba za wafanyabiashara wa pwani, kanisa na ngome. Ni miji michache ya bara inayoweza kudai mchanganyiko huo.

Kisha reli ikatupita. Stesheni yetu ni Gulwe, na kutoka Gulwe hadi mjini ni safari. Kilimatinde, kule juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ilipatwa na hayohayo: ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani, reli ikapita Manyoni, utawala ukahamia penye treni. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu kupitwa na reli ndiko kulikotuhifadhia mpangilio wa mji. Hakuna aliyekuwa na fedha za kuinyosha barabara iliyofuata njia ya maji. Mtu akitembea Mpwapwa leo haoni jengo kubwa la kupiga picha, lakini anatembea katika njia ambazo mji ulijipa wenyewe kwa kufuata mlima na kijito. Orodha ya majengo pekee haitaiona thamani hiyo, na ndiyo maana naunga mkono vigezo vya mleta mada, hasa kile cha barabara na viwanja.

Mkazi wa Area C (mleta mada)

Ndugu Muuza Vifaa, hoja zako ni nzito na zinastahili kujibiwa moja moja.

Kwanza, sidai mtu yeyote arudi kulala chini ya tani 3 za udongo. Hilo lingekuwa kuwafanya Wagogo walinzi wa makumbusho bila mshahara. Ninachodai ni kwamba ujuzi wa kuijenga usife na mafundi waliobaki, kwa maana tembe haiwezi kuhifadhiwa kwa kuzungushiwa uzio. Gofu la mawe ukilizungushia uzio na kulifyekea majani, litakusubiri. Tembe ukiizungushia uzio, baada ya masika machache una kichuguu. Inahifadhiwa na mtu anayejua kulipanda paa kila kiangazi, kuziba nyufa na kushindilia upya, na mtu huyo ndiye urithi wenyewe. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967, kinaonyesha nyumba za makabila mbalimbali, ya Kigogo ikiwamo, na ni kazi ya heshima. Ila tembe iliyo katika joto na mvua za pwani inapigana na hali ya hewa isiyokuwa yake. Mkoa wenye wakazi zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya mwaka 2022 unastahili kuwa na kaya moja kamili, yenye ua, ng'ombe na ghala, inayotunzwa hapa hapa penye ukame wake.

Pili, suala la mwenye nyumba. Nakubali kabisa kwamba katazo bila fidia ni njia ya kuangusha nyumba polepole. Lakini kati ya kuvunja kila kitu na kutogusa chochote pana nafasi kubwa. Mwenye kiwanja Uhindini anaweza kuruhusiwa kuinua ghorofa upande wa nyuma, uani, kwa masharti ya kuacha safu ya mbele na baraza lake. Mpangaji wa fremu habadilishwi, mteja anaendelea kutembea kivulini, na mwenye nyumba anapata vyumba vyake vya kupangisha. Pale ambapo viwanja viwili au vitatu vimeunganishwa kuwa jengo moja la vioo, baraza limekufa, na mtu wa mguu saa nane mchana anatembea juani mita zote hizo. Kwa hali ya hewa yetu hiyo ni hasara ya biashara, haihitaji mtu kupenda historia ili aione.

Tatu, mpango wa 1976. Uliusoma mji kwa namna ya kiungwana kuliko watu wanavyoukumbuka: ulitaka mji wa majengo ya wastani, wa kutembea kwa miguu na kwa mabasi, usiotafuta fahari. Ukiusoma leo, utauona uko karibu zaidi na wanaotetea mabaraza kuliko na wanaotaka minara ya vioo.

Wa Unyanyembe

Tabora tunasalimia. Nimefurahi kuona tembe ikizungumzwa na watu wasioishia kwenye jina la Livingstone.

Kwetu Kwihara kuna tembe ambayo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti, kisha akaondoka kwenda kufia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka uliofuata. Nyumba hiyo imekuwa makumbusho, na inatunzwa. Lakini tuseme ukweli mbele ya wageni: ilitunzwa kwa sababu Mzungu alilala humo. Unyanyembe ilikuwa na tembe nyingi za wafanyabiashara wa Kiarabu na za Wanyamwezi, kubwa, zenye kuta nene na ua mpana, na zote zilizokosa mgeni maarufu zimekwenda na mvua.

Jambo la pili ambalo linamsaidia mleta mada ni kwamba hata hiyo ya Kwihara imejengwa upya katika karne ya 20. Udongo wanaoupiga picha watalii si udongo alioegemea Livingstone, na hakuna anayelalamika, kwa sababu umbo, vipimo na namna ya kujenga ndivyo vinavyobeba historia. Ikiwa serikali ilikubali hoja hiyo kwa Kwihara, haina sababu ya kuikataa kwa kaya ya Mgogo wa Mvumi.

Binti wa Kondoa

Nitasema machache. Wilaya yetu inajulikana duniani kwa michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ni haki yake. Hata hivyo mgeni hushushwa Kolo, akapandishwa mlimani, akarudishwa Arusha au Dodoma bila kuingia mjini, mji ambao nao ni wa njia za misafara na wa maduka ya zamani.

Kuhusu sheria, kuna kipengele ambacho mleta mada hajakitaja. Sheria ileile ya 1964 inalinda milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940. Maana yake ni kwamba mlango unaweza kulindwa na nyumba inayoubeba isilindwe. Mwenye nyumba anavunja kuta zote kwa ruhusa, mlango anabaki nao mkononi, na kuusafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Wanaonunua milango ya zamani wanalijua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo anayeorodhesha nyumba aanze kwa kupiga picha mlango ukiwa bado kwenye ukuta wake, upande wa mbele na wa nyuma, bawaba na komeo vikionekana.

Muuza Vifaa, Sabasaba

Hoja ya ghorofa uani nimeielewa, na nitamfikishia mwenye nyumba wangu. Shaka yangu ni moja tu: gari la kokoto litapita wapi, ikiwa safu ya mbele haiguswi?

Fundi wa Veyula

Swali zuri, na ni la kifundi. Nyumba nyingi za duka za zamani zina kichochoro cha pembeni au mlango mpana wa kuingizia mikokoteni; kifusi kinatoka hapo kwa toroli na zege linaingia kwa ndoo. Ni polepole, na vibarua watataka zaidi, lakini inawezekana. Pale pasipo na kichochoro, fremu moja inaweza kufunguliwa kwa muda na kurudishiwa.

Kwa wanaotaka kuanza kuorodhesha, naomba tukubaliane vipimo ili kazi ya Mpwapwa ilingane na ya Dodoma. Kwa tembe: urefu na upana wa kila chumba kwa ndani, umbali kati ya nguzo na nguzo, unene wa udongo wa paa ukipimwa ukingoni, aina ya mti kwa jina la wenyeji, na mchoro wa ua unaoonyesha kaskazini. Muulizeni mwenye kaya paa lilishindiliwa lini mara ya mwisho na nani aliyeifanya kazi hiyo, na kama yuko hai mwende kwake. Kwa nyumba za mjini: upana wa kiwanja barabarani, kimo cha baraza kutoka usawa wa barabara, ukuta umejengwa kwa nini, na lipu ni ya nini. Mwaka ukiwa umeandikwa juu ya paji la nyumba, upigwe picha, kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza kufunikwa na bango.

Kazi hii ifanyike kabla ya Novemba kwisha. Mvua zikianza hakuna mwenye tembe atakayekuruhusu upande juu ya paa lake, na atakuwa na haki.